Madoa kwenye negativu, nilivyoyamaliza

Nasafisha filamu nyeusi na nyeupe mwenyewe hapa Dar, usiku, bafuni, na kitu kilichokuwa kinaniumiza roho muda mrefu ni madoa. Roli niliyompigia bibi kule Bagamoyo ndo ilinikata maini kabisa, HP5 (filamu ya Ilford) ya picha 36, amekaa barazani na kanga yake, nikaskani nakuta mbingu yote juu ya bati imejaa vidoti vyeupe na kimoja kimekaa shavuni kwake.

Kila niliyemuuliza akasema hayo mapovu, gonga tanki (chombo cha kusafishia filamu). Nikawa nagonga, kila nikimimina developa (dawa ya kutoa picha) nagonga chini mara mbili tatu, roli iliyofuata madoa yako vilevile.

Ndo nikakaa na ile negativu (filamu iliyosafishwa, peupe panaonekana peusi na peusi peupe) chini ya taa nikawaza taratibu. Povu likigandia filamu, developa haifiki pale, kwa hiyo kwenye negativu panabaki wazi kama kioo, na picha ikitoka doa linakuwa jeusi. Sasa yangu meupe! Maana yake kuna kitu kimekaa juu ya filamu kinazuia mwanga. Nikaiinamisha kwenye taa, upande ule unaong'aa, nikaviona: viduara vidogo vyenye ukingo mweupe, sawasawa na vinavyobaki kwenye glasi ikikaukia maji ya kisima. Na hapa kwetu tunatumia kisima, birika la chai ndani lina utando mweupe mpaka unaukwangua na kijiko. Maji yaleyale ndo nilikuwa nasuuzia filamu.

Nikanunua maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi (sio asidi jamani, soma lebo, zinauzwa duka moja na chupa zinafanana). Nikaziloweka negativu za bibi dakika kumi, nikaning'iniza, na vilivyobaki upande wa kung'aa nikavipulizia pumzi ya mdomo nikafuta taratibu na kitambaa cha miwani. Upande wa pili, ule uliofifia wenye picha, sikuugusa, ukilowa unakuwa laini unachunika hata kwa kucha.

Tangu hapo kuosha naosha na maji ya kisima kama kawaida ila suuzo la mwisho ni maji ya betri na Photo-Flo (dawa ya Kodak inayofanya maji yateremke bila kuacha matone), mililita 5 kwa lita moja, nusu dakika, halafu natundika na vibanio vya nguo, feni imezimwa, sipitishi vidole.

Kumbe nikajiletea shida nyingine. Roli kama mbili mbele nikaona doa jeusi angani, duara kabisa, hayo sasa ndo mapovu yenyewe. Nilikuwa nachovya filamu kwenye Photo-Flo ikiwa bado kwenye rili (kile kigurudumu inachozungushiwa filamu) ndani ya tanki, ile dawa inabaki kwenye plastiki, ukija kutikisa developa siku nyingine inatoa povu kama sabuni. Siku hizi naitoa filamu kwenye rili kwanza, naichovya kwenye bakuli la pembeni, na rili naisugua na mswaki kwa maji ya moto.

Picha ya bibi nimeiskani upya. Shavu safi. Kuna kidoti kimoja kwenye kanga kimegoma, kiko upande wa picha, nimekiacha.