Kwa nini ninamtetea Mfalme Logan

Jioni moja hapa Moshi, mdogo wangu alipofika kwenye hukumu ya Logan katika mchezo wa video wa Fable III wa mwaka 2010, aliamuru auawe bila kusita, nami nikahuzunika kana kwamba aliyehukumiwa ni jamaa yetu.

Siyakatai makosa yake. Aliwakandamiza raia wa Albion, nchi anayoitawala mchezoni, na mwanzoni kabisa anamlazimisha ndugu yake mwenyewe, ambaye ndiye wewe mchezaji, kuchagua nani auawe kati ya waandamanaji na mtu anayempenda. Hilo sitalitetea kamwe. Lakini Logan alikwenda Aurora, nchi ya ng'ambo, akawashuhudia askari wake wakiangamizwa na Giza, nguvu ya uovu inayoua watu, akarudi akijua kwamba litaivamia nchi yake, na dhahabu aliyowakamua watu aliikusudia kwa jeshi la kulikabili. Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, ni kunyamaza, kwani anayechangishwa bila kuelezwa sababu huona wizi tu, jambo tunalolifahamu vyema huku Uchagani tunapochangia mifereji.

Kisha, ukishampindua Logan, taji linakuwa lako, pamoja na mwaka mmoja kabla Giza halijafika na raia 6,500,000, ambapo kila sarafu iliyomo hazinani huokoa roho moja. Mdogo wangu alitimiza ahadi zake zote, shule ikafunguliwa, hazina ikabaki tupu. Giza lilipopita, mitaa ilikuwa na maiti. Alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akaniomba tuanze mchezo mzima upya, ili safari hii Logan asamehewe.