Mgombea binafsi na swali la nani anailinda Katiba dhidi ya Bunge

Oktoba 1994 Mahakama Kuu ya Tanzania, Dodoma, mbele ya Jaji Lugakingira, ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila: raia anaweza kugombea bila kupitia chama. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Marekebisho ya Kumi na Moja (Sheria Na. 34 ya 1994) na kuandika sharti la chama ndani ya Katiba yenyewe. Ushindi ukazimwa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Sheria ya kawaida ikigongana na Katiba, ibara ya 64(5) inaibatilisha. Je, ibara ikigongana na ibara nyingine? Haki ya kushiriki utawala imo katika ibara ya 21. Sharti la chama limo katika ya 39 na ya 67. Zote ni Katiba.

Mtikila alirudi mahakamani 2005, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani walitengua: mahakama haina mamlaka ya kuitangaza ibara ya Katiba kuwa batili, isipokuwa kama haikutungwa kwa utaratibu wa ibara ya 98. Fundisho la muundo wa msingi wa Katiba, yaani kwamba zipo nguzo za Katiba ambazo Bunge haliwezi kuzibomoa hata kwa marekebisho, lililokomaa India katika kesi ya Kesavananda ya 1973, wakalikataa. Mgombea binafsi, walisema, ni suala la kisiasa la kuamuliwa na Bunge.

Kwa hiyo kwetu ulinzi uliobaki ni hesabu ya kura. Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Asiyekuwepo anahesabika sawa na aliyekataa. Kwa mambo manane ya Orodha ya Pili katika Nyongeza ya Pili, kama kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano na orodha ya mambo ya Muungano, inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande peke yake. Wanaopinga marekebisho waanzie hapo: waulize jambo limo katika orodha ipi, na kura zilihesabiwaje. Chama kimoja kikiwa na viti vya kutosha pande zote mbili, ulinzi huo ni mwembamba sana, na naona Mahakama ya Rufani haikuupima uzito huo ipasavyo.

Uganda walikwenda njia nyingine. Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ilifuta nyongeza ya miaka miwili ambayo wabunge walijipa katika muda wao wa ubunge kwa kurekebisha Katiba, ingawa iliacha kufutwa kwa ukomo wa umri wa rais kusimame.

Mtikila alikwenda Arusha. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika, ikaiagiza irekebishe Katiba na sheria zake. Alifariki Oktoba 2015, sharti la chama likiwa bado limo katika ibara ya 39 na ya 67.