Nilipungua kilo 16 nikashindwa kujitwisha debe

Hii stori nimeikwepa muda mrefu maana inaniaibisha, ila juzi kuna mdada kaja dukani ananiuliza "mama umefanyaje hadi umekata hivyo, ni limao?" nikacheka hadi akashangaa. Anachokiona yeye ni awamu ya pili. Ya kwanza hakuiona, na bora hakuiona.

Wanaonijua wanajua nauza maharage na mchele pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa 11 huu. Mwaka juzi nilikuwa na kilo 98 na wala sikuwa na wasiwasi, si unajua huku kwetu ukinenepa unaambiwa umependeza, mume anakutunza. Halafu nguvu nilikuwa nazo jamani. Debe la maharage, kilo 17 mpaka 20 hivi inategemea kimejazwaje, nalikamata chini, gotini, kifuani, kichwani, nimejitwisha mwenyewe bila kuita kijana. Shida ilikuwa mlima tu. Naishi huku juu upande wa Loleza, bajaji inanishusha barabarani, kutoka pale mpaka mlangoni mtu wa kawaida anatumia dakika kumi, mi nusu saa na vituo viwili, nikikutana na jirani nasingizia napokea simu.

Basi nikaenda kupima presha ikaonekana iko juu, nesi akasema mama punguza uzito. Nipunguze vipi hakusema, foleni ilikuwa ndefu namwelewa, nikaenda kujitafutia kwenye magrupu ya wasap. Kabichi la kuchemsha, maji ya limao asubuhi, usiku hamna kitu. Na ilikuwa Julai, yaani Julai ya Mbeya, watu wamekaa na jiko la mkaa ndani wewe unakunywa limao unatetemeka. Miezi mitatu na nusu, kilo 16 chini. Nikawa na 82. Sokoni wengine wananisifia, wengine wanapunguza sauti nikipita, na mama mmoja wa nyanya akanivuta pembeni akaniuliza kwa huruma kabisa, "mwenzangu, ulishapima?"

Sikujali, mzani ulikuwa unanisifia.

Sasa siku ya siku, mteja wa mgahawa kaja anataka debe la maharage haraka, gari liko nje linawaka. Nikainama kama siku zote, nikalishika, gotini likafika, kutoka gotini kwenda kifuani likagoma. Nikajikaza. Mikono ikaachia yenyewe, sikuiachia mimi, maharage yote chini mpaka kwenye duka la jirani. Yule kijana anayetubebea mizigo, mwembamba ukimwona utasema hajala tangu jana, akaja akaniambia "mama acha, ntaokota", akaokota yote, akalinyanyua debe kama anainua kikapu cha mboga akalipeleka kwenye gari. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kidogo, naandika tu ukweli.

Binamu yangu ni mtu wa fiziotherapia (wale wanaotibu misuli na viungo kwa mazoezi), yuko hospitali moja hapa mjini, nikaenda kumwambia nahisi nimerogwa. Hakucheka. Akanikalisha kwenye kiti, nikunje mikono kifuani, nisimame nikae mara tano haraka niwezavyo huku anahesabu. Sekunde 17. Akasema dada, ukipita sekunde 15 hapo tunaanza kuangalia misuli. Akanipa kimashine cha kubana kwa kiganja, kikasoma kilo 18. Kumbe kwa mwanamke ikishuka chini ya 16 wanahesabu nguvu zimeisha, mwanaume chini ya 27. "Dada una miaka 44 unamfukuzia bibi," akasema, na bibi yetu tunayemsema yuko Tukuyu, kakonda kama ufito na bado anapanda vilima na mkungu wa ndizi kichwani, kwa hiyo kusema ukweli hata bibi sijamfikia.

Alivyonielezea ndo nikaelewa vizuri, ntajaribu kuyasema kama alivyoyasema. Mtu mnene kweli ana nguvu, hasa ya miguu, sababu kila hatua anabeba mwili wake, mimi nilikuwa natembea na mzigo kutwa bila kuutua, mapaja yanafanya mazoezi bila kujua. Lakini ukizigawa zile nguvu kwa uzito unakuta zimepungua, kila kilo ya mwili inapata nguvu kidogo kuliko kwa mtu mwembamba, ndo maana debe nalimudu ila mlima unanishinda, mlimani najibeba mwenyewe na mafuta hayasukumi, yanabebwa tu kama abiria. Halafu mafuta hayakai tumboni peke yake, yanaingia mpaka katikati ya misuli. Ushaona bucha wanapochinja ng'ombe aliyenona, ile nyama nyekundu ina michirizi myeupe ndani? Ndo hivyo hivyo kwetu, paja linaweza kuwa nene lakini nyama yenyewe imechanganyika, na inavuta vibaya. Na mafuta ya tumboni yanatoa kemikali zinazouweka mwili kama uko kwenye uvimbe wa chini chini muda wote, misuli haifurahii hiyo.

Kwa hiyo kupungua ilikuwa sawa, nesi hakukosea. Nilichokosea ni njia. Ukijinyima chakula bila mazoezi ya kubeba vitu vizito, karibu robo ya zile kilo unazopoteza siyo mafuta, na ukijinyima kijinga kama mimi inaweza kuzidi. Yaani katika zile 16, kama kilo nne au zaidi zilikuwa nyama yangu mwenyewe. Na umri wenyewe haukusubiri, kuanzia miaka 30 hivi misuli inapungua kidogo kidogo kila muongo, asilimia 3 mpaka 8, na nguvu zinapungua haraka kuliko misuli yenyewe. Mzani hausemi hayo. Unasema 82, unashangilia.

Akaniambia na kingine kikanishtua kwa sababu ya presha yangu, kuna utafiti ulitoka 2015, nchi 17, watu karibu laki moja na elfu arobaini, wakabana kile kimashine, ikaonekana kila kilo 5 zinazopungua kwenye kiganja zinaendana na hatari ya kufa kupanda kwa asilimia 16, na kiganja kikatabiri kifo vizuri kuliko presha ya juu ile namba ya kwanza. Haina maana uache dawa, mi zangu nameza mpaka leo.

Nilimuuliza kama nimechelewa. Akasema mwaka 1990 kule Boston, Marekani, wazee dhaifu wa miaka kama 90 walinyanyulishwa vyuma wiki nane, na waliomaliza nguvu za miguu zikapanda karibu mara tatu. Wewe na 44 yako unauliza nini.

Jimu sijaenda, aibu na hela. Nachukua kiroba cha mchele, nikaanza na kilo 5, nakikumbatia nakaa na kusimama kwenye kigoda mara kumi, napumzika, narudia, halafu pushapu za kuegemea meza ya duka wateja wakiwa hawapo (wakiwepo wanahesabu kwa sauti, wapumbavu). Siku tatu kwa wiki, kila baada ya muda naongeza kilo. Na chakula nikarudisha, tena hapa ndo najiona mjinga wa mwisho, mtu anauza maharage miaka 11 anashindia kabichi! Sa hivi maharage kila siku, usipa wa Kyela, mayai, maziwa. Ugali upo, umepungua tu.

Mwezi wa pili wa mazoezi mzani ukapanda, 84, nikataka kuacha kila kitu. Binamu akasema usipime kilo, kachukue futi ya fundi cherehani upime kiuno. Kiuno kilikuwa sentimita 97, kikawa 92. Uzito juu, tumbo ndani, maana misuli ni mizito kuliko mafuta ya ukubwa uleule. Mlima sasa natumia dakika 14, kituo kimoja, na hapo simu huwa inaita kweli.

Debe nilijitwisha tena mwezi wa tano. Yule kijana mpaka leo akiona nainama anakuja mbio, namwambia kaa pembeni, anakaa, ila mikono anaitanguliza.