Mayai kwenye kibofu cha Ami

Ami alikuwa anakojoa damu miezi na miezi kabla ya kumwambia mtu. Kwetu Pemba, kwa watu wa rika lake, mkojo mwekundu haukuwa habari. Mtoto anaoga mtoni, anakojoa damu, anakua. Mimi mwenyewe nimepita humo humo. Kwa hiyo damu iliporudi uzeeni aliidharau, mpaka mkojo ukaziba kwa mabonge, ndipo tukapanda meli Mkoani kwenda Unguja.

Daktari wa Mnazi Mmoja alikuwa kijana mpole. Akaiweka picha ya eksirei kwenye taa. Katikati ya nyonga palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, uliozunguka duara.

"Huo ukuta wa kibofu, mzee wangu. Umeingia chokaa. Ni mayai ya kichocho."

"Kumbe wadudu wamo bado?"

"Minyoo ilishakufa zamani. Mayai yaliyonasa ndiyo yaliyobaki."

Akageuza bahasha ya picha, akachora: ngozi ya ndani, chini yake utando, chini ya utando msuli. Mayai huuchokoza ukuta miaka nenda miaka rudi, na mwili haupumziki kujitibu. Seli ikifa, nyingine lazima izaliwe. Kila seli inapojigawa hunakili jeni zake zote, na katika kunakili makosa hayakosi. Mengi hurekebishwa, au seli mbovu hujiua yenyewe. Lakini kosa likiiangukia jeni ya kuzuia seli isijigawe ovyo, kama ile iitwayo p53, breki imekatika. Seli moja huzaa nyingi, na katika hizo, iliyopata kosa jipya la kuifaa huwashinda wenzake. Hiyo ndiyo saratani. Haya hayaji kwa usiku mmoja. Ya Ami huenda yalianza mimi sijaoa.

"Zikiwa juu ya huu," daktari akagonga utando kwa ncha ya kalamu, "bado ni jambo dogo. Zikiutoboa zikaingia msulini, zimeikaribia mishipa ya damu, na mishipa inafika popote."

Za Ami zilikuwa zimeshaingia msulini.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Misri daktari mmoja alishakihusisha kichocho na saratani ya kibofu tangu 1911, na mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wakamtaja rasmi mdudu huyu kuwa chanzo cha saratani. Sisi mtoni hakuna aliyetupitishia habari.

Kibofu kilitakiwa kitolewe. Ami hakuuliza atapona au hatapona.

"Mkojo utapita wapi?"

Akaelezwa: kipande cha utumbo, tundu tumboni, mfuko.

"Na sala?"

Daktari akanitazama mimi. Nikampigia simu shekhe wetu wa Wete, nikampa Ami azungumze naye mwenyewe. Walizungumza kirefu. Atatia udhu kila wakati wa sala ya faradhi unapoingia, kisha asali, mfuko ukiwa umebandikwa tumboni.

"Basi leteni hiyo karatasi," Ami akasema, na akaomba kalamu ile ile ya daktari.