Nilivyojifunza kutambua kaa wa kuliwa

Kwa miaka mingi kaa kwangu alikuwa kaa tu. Nilitazama magando, nikakisia uzito, basi. Nilianza kuwatofautisha siku nilipoacha magando na kuangalia kwanza miguu ya mwisho kabisa, ile ya nyuma. Ikiwa imebapa kama kafi, huyo ni mwogeleaji. Ikiwa imechongoka, ni mtambaaji.

Waogeleaji wawili ndio walionisumbua. Kaa wa mikoko ana gamba nene, laini, la kijani cha matope, na kila upande lina miiba tisa inayokaribia kulingana. Hukaa kwenye mashimo ya matope, pale maji ya mto yanapoingiliana na ya bahari. Kaa wa buluu wa mchangani naye ana miiba tisa, lakini wa mwisho umechomoza pembeni kama mkuki, na magando yake ni membamba, marefu. Dume ni buluu mwenye madoa meupe, jike ni wa kahawia. Nilikuwa nikihesabu miiba mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu. Sasa naangalia ule wa mwisho tu. Ukiona mabaka matatu mekundu mgongoni, huyo ni ndugu yake, naye ni wa mchangani vilevile.

Wa maji baridi wana alama zao. Kaa wa kahawia wa miambani, Atlantiki ya Ulaya, ukingo wa gamba lake ni kama umefinywafinywa kwa vidole, na ncha za magando ni nyeusi. Yule wa Dungeness, kutoka Alaska hadi California, ncha zake ni nyeupe. Kaa mfalme wa Bahari ya Bering mhesabu miguu: ukiacha magando, utaona jozi tatu badala ya nne. Nilishangaa kujua kwamba ujamaa wake wa karibu ni na wale kaa wanaohamia kwenye makombe matupu.

Hapa naomba msomaji awe makini. Ncha nyeusi kwa kaa wa Ulaya hazina neno, ila kwenye miamba ya matumbawe ya bahari za joto kuna kaa wadogo wenye ncha kama hizo, na baadhi yao wana sumu inayoua. Kuchemsha hakuiondoi. Hao siwagusi hata kama mtu ameniapia.

Nikishamjua aina, namgeuza. Kifuniko cha tumbo kikiwa chembamba ni dume, kikiwa kipana ni jike. Kisha nabonyeza gamba la chini: likibonyea, amejivua karibuni, na ndani ni maji kuliko nyama. Namrudisha.