Mchemraba wa Hao Huang na funksheni zinazojibu 0 au 1

Kombinatoria ya vikomo ni tawi la hisabati linalouliza swali moja kwa sura nyingi: mkusanyiko unaweza kukua hadi wapi kabla ya umbo fulani kujitokeza ndani yake, utake usitake? Chukua watu 6, uhesabu jozi za wanaofahamiana. Ukiwagawa katika makundi mawili ya watu 3, kila mmoja akawafahamu wote wa kundi la pili na asimfahamu yeyote wa kundi lake, utapata jozi 9, na hapatakuwa na watu 3 wanaofahamiana wote kwa wote. Ongeza jozi ya 10, au vunja mpangilio wote uanze upya na jozi 10 za kuchagua mwenyewe, na watu 3 wa namna hiyo watapatikana tu. Mholanzi Willem Mantel ndiye aliyetoa kikomo cha jumla mwaka 1907: kwa watu n, jozi haziwezi kuzidi n² gawanya kwa 4.

Nguvu ya kauli kama hii ni kwamba inauhusu kila mpangilio, hata ule ambao mtu mjanja kuliko wote angeubuni kwa nia ya kukushinda. Mwanasayansi wa kompyuta anaihitaji nguvu hiyo hasa. Akitaka kuthibitisha kwamba kazi fulani inafanyika haraka, inamtosha kuandika programu moja. Akitaka kuthibitisha kwamba haifanyiki haraka, hana budi kuzisemea programu zote, zikiwemo ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Mwaka 1985 mwanahisabati Alexander Razborov alilitegemea tokeo la wenzake Erdős na Rado la mwaka 1960 kuhusu familia za seti alipothibitisha kwamba saketi (mitandao ya hatua ndogo za kukokotoa) zisizo na lango la kukanusha, yaani hatua inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, haziwezi kutatua tatizo moja maarufu la grafu, yaani mtandao wa nukta na viungo, bila kuwa kubwa kupita kiasi. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa karibuni.

Fikiria funksheni inayopokea biti n, kila biti ikiwa 0 au 1, na kujibu 0 au 1. Unyeti wake ni idadi kubwa kabisa ya biti ambazo, kwa ingizo moja, kuigeuza yoyote kati yake peke yake hubadili jibu. Majaji 5 wanaoamua kwa wingi wa kura wana unyeti wa 3, kwa kuwa matokeo yakiwa 3 kwa 2, yeyote kati ya wale 3 akibadili kura yake hukumu inapinduka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Noam Nisan na Mario Szegedy waliuliza kama unyeti mdogo unailazimisha funksheni iwe nyepesi pia kwa vipimo vingine, kwa mfano idadi ya biti zinazopaswa kusomwa kabla ya kutoa jibu.

Mwaka 1992 Craig Gotsman na Nati Linial walilihamisha swali hilo kwenye mchemraba wa vipimo n (ule wa kawaida una 3), ambao vipeo vyake, yaani pembe zake, ni maingizo yote, na viwili huunganishwa vikitofautiana kwa biti moja. Nusu ya vipeo, yaani vile vyenye idadi shufwa ya 1, inaweza kuchaguliwa bila viwili vyovyote kupakana. Je, ukiongeza kipeo kimoja juu ya nusu, kile chenye majirani wengi zaidi kati ya vilivyochaguliwa kitakuwa na majirani wangapi angalau? Katika mchemraba wa kawaida wenye vipeo 8, ukiongeza 111 juu ya 000, 011, 101 na 110, kipeo hicho kinapata majirani 3 papo hapo. Uchaguzi wa hila zaidi unashusha idadi hiyo: acha 000 na 111, na vipeo 6 vinavyobaki vinafanya duara moja, chukua 5 kati yake, na hakuna chenye majirani zaidi ya 2.

Mwezi Julai 2019 Hao Huang, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta, alithibitisha kwamba hila haiwezi kuishusha idadi hiyo chini ya kipeuo cha pili cha n. Alichukua matriksi ya ujirani wa mchemraba, yaani jedwali la namba lenye 1 kwa kila jozi ya vipeo vinavyopakana na 0 kwa nyingine, na kuweka alama ya kutoa kwenye baadhi ya 1 zake, kwa namna ambayo matriksi ikizidishwa kwa yenyewe hutoa n kwenye ulalo na 0 kwingineko kote. Yaliyobaki ni aljebra ya mstari anayoweza kuifuata mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Uthibitisho wenyewe unaenea katika kurasa mbili hivi, na mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth akaufupisha hadi ukurasa mmoja. Nakiri kwamba ufupi huo, baada ya karibu miaka 30 ya watu kulikodolea macho swali hilo, unanitia wivu.

Jibu la Nisan na Szegedy basi ni ndiyo, ila bei yake kamili haijapangwa. Kipimo kiitwacho unyeti wa vifungu, kinachoruhusu kugeuza biti kadhaa kwa pamoja, sasa kinajulikana kutozidi unyeti uliopandishwa hadi nguvu ya 4 (unyeti × unyeti × unyeti × unyeti), ilhali mfano wa David Rubinstein wa mwaka 1995 unafikia nguvu ya 2 tu. Kati ya 2 na 4 ndipo kazi iliyobaki ilipo.