Mama Yangu Anaishi "Dunia Iliyobaki"

Pauni 46. Ndizo nilizotozwa Jumamosi kutuma kifurushi cha kilo nne na nusu kwa mama yangu, Hombolo, Dodoma. Ndani kulikuwa na kipima presha, sweta mbili, viatu vya kufunika na dawa ya kuchua magoti. Vitu vyenyewe vyote havikufika pauni 46. Bei ya gunia la mahindi pale soko la Majengo mnaijua, pigeni hesabu wenyewe, mimi nimechoka kupiga.

Lakini hela si iliyoniuma zaidi. Iliyoniuma ni karatasi ya bei ukutani. Wameigawa dunia mafungu matatu. La kwanza ni Ulaya. La pili ni Marekani, Australia na wachache wengine. La tatu limeandikwa, na ninatafsiri bila kuongeza chumvi, "Dunia Iliyobaki". Hombolo iko humo. Yaani dunia ilipikwa, ikapakuliwa, watu wakala, sisi ndio ukoko wa sufuriani.

Nikamuuliza kijana wa kaunta: hiyo nchi ya Iliyobaki, mji mkuu wake ni upi? Hakucheka. Akanipa stika ya forodha nijaze.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiwaza majina. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya kulea wazee, na kazi hii ina usiku mrefu wa kuwaza. Kwetu tangu utoto tunaambiwa fulani yuko Ulaya. Hata akiwa Kanada, yuko Ulaya. Baadaye nikaja kujua kwamba neno lenyewe limetoka Kiarabu, wilaya, hili hili tunaloliita Wilaya ya Kongwa na Wilaya ya Bahi. Wahindi nao walilichukua wakasema vilayat, na askari wa Kiingereza waliokaa India wakaligeuza wakarudi nalo kwao kama Blighty, jina la mapenzi la Uingereza. Neno moja: kwa mama yangu ni nchi ya mbali alikopotelea mwanawe, kwa askari wa Kiingereza ni nyumbani kwa mama yake.

Na kichekesho ni kwamba wenyeji wangu hapa hawajihesabu Ulaya. Mwenzangu wa zamu ya mchana ananiambia, "Wiki ijayo naenda Ulaya, kupumzika." Unaenda Ulaya ukitokea wapi, dada? Mama yangu akisikia atachanganyikiwa.

Nimekuja kuamini kwamba jina la sehemu ya dunia ni kama mimi na viza yangu. Linahitaji mdhamini. Mdhamini akiwepo, jina linakaa hata kama halina maana. Mdhamini akifilisika, jina linafungasha.

Chukua Mashariki ya Kati. Aliyelitia jina hilo vinywani mwa watu, mwaka 1902, ni Alfred Thayer Mahan, ofisa wa jeshi la maji la Marekani, akiandika habari za Ghuba ya Uajemi na njia za meli kwenda India. Mashariki ya nani? Ya mtu aliyekaa London. Mimi nikisimama Dodoma nikautazama msikiti wa Gaddafi, Waarabu wako kaskazini yangu. Lakini redio zetu zinasoma "Mashariki ya Kati" kila jioni na hakuna anayeinua kichwa kutoka kwenye ugali. Nina mwenzangu kazini, Msyria. Nilidhani yeye angalau atakasirika. Wapi! Kwa Kiarabu na wao wanasema hivyo hivyo, ash-Sharq al-Awsat. Kwao hasa anakuita Sham, na nilipomwambia Waswahili wa zamani nao walisema Shamu alifurahi kama nimempa nauli.

Sasa, kulikuwa na ndugu yake, Mashariki ya Karibu. Huyo alidhaminiwa na dola ya Waturuki, maana Wazungu walikuwa wakiizungumzia hiyo. Dola ikavunjika baada ya Vita ya Kwanza, jina likabaki bila mwajiri. Leo utalikuta vyuoni kwa wasomi wa mambo ya kale, na kwenye jina refu la shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, UNRWA, lililoundwa 1949. Limejibanza humo kama mtu anayelala kwa rafiki. Wa Kati akapata mafuta, vita na taarifa za habari, ajira ya kudumu.

Kwetu pia tumeua majina mengi bila matanga. Babu alikuwa akisema "enzi za Mdachi". Mdachi alipoondoka, jina lake liliendelea kufifia mpaka Mjerumani akachukua kiti. Bukini ndilo jina Waswahili waliloita Madagaska. Nani anasema Bukini leo? Hakuna, ila kila mtu anajua bata bukini. Manga ilikuwa nchi ya Waarabu wa Omani. Imebaki kwenye pilipili. Nchi nzima imekwenda ikaacha kiungo cha pilau. Na mahindi, zao lililotoka Amerika, tunaliita kana kwamba lilishuka kutoka India, na Waitalia wanaliita nafaka ya Mturuki. Kila mtu anataja duka alilonunulia, si shamba.

Lakini linaloniuma ni la kwetu hasa. Soma wasafiri wa karne ya 19, Burton, Stanley na wengine, utakuta kati ya Mpwapwa na Ugogo sehemu inayoitwa Marenga Mkali, nyika ya maji ya chumvichumvi. Ukivuka Ugogo kwenda Unyamwezi unakuta Mgunda Mkali, pori la siku nyingi, maji hakuna, wapagazi wanaanguka njiani na mizigo. Majina hayo yalitisha Pwani nzima. Walioyabeba ni hao wapagazi, kwa nyayo zilizopasuka. Halafu ikaja Reli ya Kati, ikafika Kigoma 1914, na Mgunda Mkali ukawa kitu unachokipita umelala, kichwa kwenye dirisha, unaamshwa Itigi na mwuza kuku. Muulize kijana wa Manyoni leo Mgunda Mkali ni wapi. Atakuuliza ni baa?

Ugogo wenyewe umebaki, kwa sababu Wagogo wapo, ingawa wengine husema hata hilo la Wagogo tulipewa na Wanyamwezi wa misafara. Hao wasafiri walitulalamikia sana, kwamba watemi wetu waliwatoza hongo kila hatua. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita, kama hii pauni 46. Sisi tulitoza tukaitwa wanyang'anyi. Hawa wananipa risiti. Ona neno lilikoishia. (Na wale wa Dar mnaopenda kumwita kila Mgogo ombaomba, someni historia kwanza, mababu zenu walipiga magoti kwa watemi wetu wakiomba maji.)

Hapo nilikuwa bado na hasira za Jumamosi. Jumapili nikaingia zamu.

Kuna bibi mmoja pale, ana miaka zaidi ya themanini. Wenzangu wote wanamwita kwa jina lake la kwanza, hata watoto wa miaka 20, ndiyo desturi. Mimi mdomo unakataa. Namwita "mama" na amezoea. Siku zote tumeongea habari za mvua na uji. Jumapili akaniuliza natokea wapi hasa.

"Tanzania."

"Tanganyika," akanisahihisha.

Damu ikanipanda. Nikamjibu kwa adabu ya mshahara kwamba tuliungana na Zanzibar Aprili 1964 na jina likabadilika Oktoba mwaka huo, na kwamba hata Tanganyika walilichagua wao Waingereza 1920, walipompora Mjerumani, wakaliazima ziwani. Akasikiliza. Kisha: "Sehemu gani?"

"Katikati. Dodoma."

Akaweka kijiko chini. "Kongwa," akasema. Akalitamka sawasawa, bila kulivunja. Halafu akaongeza, "Mbukwa."

Ndugu zangu, miaka sita. Hapa ukisema Tanzania wanakujibu Zanzibar, au simba, au wanakuchanganya na Tasmania. Leo ajuza ananisalimia Kigogo juu ya bakuli la uji. Nilijikuta nimeitikia kwa sauti kubwa mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Baba yake alikuwa fundi wa matrekta kwenye mradi wa karanga. Mnaujua: serikali ya Uingereza ilianza 1947, ikitaka mafuta ya kula, ikaja na mitambo na mamilioni ya pauni, ikakutana na udongo wa Kongwa ambao kiangazi unakuwa zege, na mvua zetu mnazozijua. 1951 wakaufuta. Wagogo waliokuwa wakichunga ng'ombe pale wangewaambia bure. Bibi anasema baba yake mpaka anakufa alikuwa akisema walinunua mbegu nyingi kuliko karanga walizovuna. Yeye alisoma shule ya Kongwa, ya watoto wa Kizungu watupu. Hilo nalo nililisikia, sikulimeza hivi hivi. Bibi yangu mimi wakati huo huo alikuwa upande wa pili wa mlima, na shule hakuiona ya rangi yoyote.

Lakini nilielewa jambo. Kwake Tanganyika si dharau. Ni ukanda wa dunia wenye vumbi, mibuyu na yaya aliyemfundisha mbukwa. Jina lile limebakiwa na wadhamini wawili, ziwa na wazee wa aina yake, na ziwa ndilo litakalodumu.

Hata hapa wana hayo. Karibu na Leicester kuna kaunti ndogo, Rutland. 1974 serikali iliifuta, ikaimezesha Leicestershire. Watu wakagoma kwa miaka 23, wakaendelea kujiita wa Rutland, na 1997 wakarudishiwa. Middlesex nayo ilifutwa 1965 na mpaka leo kuna wanaoiandika kwenye anwani. Sasa jiulize, Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipogeuzwa kuwa Kagera 1979, nani alilia? Lile lilikuwa jina la mtu mwenye dira, si la mtu mwenye shamba. Ingawa hapo najipinga, maana "Kanda ya Kati" nayo ni jina la dira na ninaipenda kufa. Nikisikia mtabiri wa hali ya hewa anasema "Kanda ya Kati, Dodoma na Singida, hali ya ukavu", machozi yananilenga. Na Afrika Mashariki je? Tangu Kongo ijiunge na jumuiya 2022 imefika Bahari ya Atlantiki, na bado ni mashariki. Mdhamini akiwa na nguvu, hata jua linaamrishwa.

Kwa kuwa nimetaja udhamini, wadogo zangu mnaoniandikia inbox kila siku: mlango wa kuajiriwa ulezi wa wazee kutoka nje ya Uingereza ulifungwa Julai 2025. Anayekuuzia barua ya udhamini wa kazi hiyo leo, kwa milioni kumi au kwa ng'ombe wa babu yako, ni tapeli, hata kama mnasali kanisa moja. Na hata kabla haujafungwa, tangu Machi 2024 mlezi mpya hakuruhusiwa kuja na mke wala watoto. Usiuze shamba la zabibu. Narudia, usiuze shamba la zabibu. Na ukija kwa njia nyingine, usitume vifurushi kwa posta kama mimi mjinga. Tafuta anayesafiri, mlipe kwa kilo.

Nimempata mmoja, anaondoka Alhamisi, anafikia Area D, Dodoma mjini. Nilipomsimulia bibi, jana akanikabidhi pakiti kubwa ya karanga za kukaanga, alimtuma binti yake akanunue. "Zipeleke Kongwa," akasema. "Waambie tumechelewa kidogo." Akacheka mpaka akakohoa.

Nikampigia mama kumwambia kuna mzigo wa pili, na karanga ndani.

"Karanga? Baba, huku karanga zimekosekana? Za wapi hizo?"

Nikaigeuza pakiti nisome. Zimelimwa Argentina.

"Za huku, mama."

"Haya. Nitawaambia akina mama wa jumuiya waje waonje karanga ulaya."